Adwoa Birago Akataa Wasemaji

Adwoa Birago hakuwa mtu wa makeke. Alilima kakao yake, akaimba katika kwaya ya kanisa, na mumewe alipofariki kwa homa akaambiwa ni mapenzi ya Mungu, akaitikia amina akarudi shambani. Watu walimpenda kwa hilo. Mjane asiyeuliza kitu hasumbui mtu.

Kisha Kofi Badu akachimba shimo la dhahabu mpakani mwa shamba la Adwoa. Dhahabu ilipokwisha, Adwoa alimfuata akamsihi alifukie kabla ya mvua, maana watoto hupita pale wakitoka shule. Katapila bado lilikuwa palepale. Kofi alimwambia asimpigie kelele, akaliondoa katapila lake akaenda kuchimba kwingine. Mvua ikanyesha, shimo likajaa likawa kama dimbwi lolote la njiani, na Nyarko, binti wa pekee wa Adwoa, akakanyaga humo akazama.

Baada ya maziko, ukoo wa Kofi ulikuja kuomba radhi na chupa za pombe kali, kama wafanyavyo Waasante. Wakapewa maji, wakaulizwa kilichowaleta. Kofi alikaa nyuma, nguo ameishusha begani kwa unyenyekevu, mdomo ameufunga. Kwa desturi mkosaji hasemi. Ana wa kumsemea. Na msemaji wao, Mzee Asamoah, alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alisema shetani alipita kijijini akamfumba macho kijana wao, na binadamu ni nani ashindane na ibilisi? Wazee wakaguna kukubali.

Mchungaji Antwi, aliyeketi upande wa wafiwa, naye akaongeza lake: hata shetani hapiti bila ruhusa ya Mungu, na Mungu alimpenda mtoto kuliko tulivyompenda sisi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hasira aliyoimeza Adwoa tangu azike mumewe ilimpanda kooni, ikakataa kushuka. Mjomba wake, mkuu wa ukoo, alikuwa ameshanyoosha mkono kuzipokea chupa ili shauri liishe.

"Mjomba, usipokee."

"Adwoa mwanangu, tulia. Wazee tunaongea."

"Ongeeni tu. Shetani kasukuma, Mungu karuhusu. Kofi je? Yeye alikuwa wapi? Yaani wote wamemuua mwanangu, isipokuwa aliyechimba shimo! Aseme mwenyewe, kwa mdomo wake."

Mzee Asamoah alisema jambo hilo halijapata kuonekana. Adwoa akasema basi, chupa zirudi zilikotoka. Watu wakatazamana. Mjomba akarudisha mkono wake. Mwishowe Kofi akainuka.

"Hakukuwa na shetani, mama," alisema. "Uliniambia, nikasikia. Katapila lilikuwepo na nafasi nilikuwa nayo. Sikutaka tu."

Adwoa alimtazama kwa chuki, wala hakujisumbua kuificha. Hakumsamehe. Lakini alimwambia mjomba azipokee chupa, maana angalau sasa aliyemuua Nyarko alikuwa na jina.

Wazee wakashusha pumzi. Mchungaji akasimama na Biblia yake, akawaomba wote wainamishe vichwa, wasikie Mungu anasema nini juu ya msiba huu.

"Kaa chini, mchungaji," Adwoa alisema. "Kofi kasema mwenyewe. Na huyo aliyeruhusu naye aje aseme mwenyewe. Wasemaji wake nimewachoka."