Hindi Alilonibebea Mjomba

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki, hata nikiwa nakunja suruali za kuuza hapa Guangzhou, Uchina, na magoti yananiuma. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Vita iliingia kijijini kwetu asubuhi, na kufika mchana sikuwa na baba wala mama. Nikatembea na watu nisiowajua mpaka misheni.

Pale misheni uji uligawiwa kwa vijiji. Kila kijiji na mstari wake, na mbele mzee wao wa kuwatambua. Mimi sikuwa na mzee. Siku mbili nilinusa tu. Siku ya tatu nikajipenyeza kwenye mstari wa kijiji kingine. Mzee wao akauliza, "We ni wa nani?" Nikataja jina na baba wa msichana mmoja wa kijiji hicho, aliyefia njiani, ubavuni kwangu. "Mimi ni Anyesi, wa Matayo." Nikapewa bakuli. Kwa hilo sioni haya. Njaa ilikuwa njaa.

Kosa langu lilikuja baadaye.

Wiki zilipita, akaja mwanamume anayechechemea, akasimama getini akiita: "Sifa! Sifa wa Tabu yuko hapa?" Sifa ndiye mimi. Tabu ni mama yangu, na yule alikuwa kaka yake, aliyeondoka kwetu nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nikainamia bakuli langu. Niliwaza: nikiitika, mzee atajua nilidanganya. Na kama huyu si mjomba kweli, kesho nitakula nini?

Akapita mstari mzima akitutazama nyuso. Akafika kwangu.

"Na wewe, mama, unaitwa nani?"

"Anyesi."

Akanitazama sana. Kisha akatoa mfukoni hindi la kuchemsha, limeshapoa. "Basi kula wewe. Nilimbebea yeye." Akaenda zake.

Sikulila hindi lile. Nikampelekea Mama Veronika, mpishi wa uji, nikamweleza yote. Hakunibembeleza. "Unashika bakuli, unaacha mtu? Kimbia!" Nikakimbia. Huko nje njia zilikuwa tatu. Nimezeeka sasa, na sijamwona tena.

Sasa jana, pale sokoni, barabara ya Guangyuan Xilu, katikati ya wachukuzi na marobota yao, Mama Solanje alikuita. Huyo ndiye aliyekulisha sahani moja na wanawe, mama yako alipokuwa safarini. "Riziki! Si wewe Riziki?" Nawe, kwa kuwa wauzaji wanakujua kama Lili, ukageukia mashati. "Umenifananisha, mama." Ukanivuta mkono mimi bibi yako: "Koko, tembea, huyo ataomba tu." Nami nikakufuata kwa kuchoka. Kosa hilo ni letu wawili.

Nisikilize. Jina la sokoni chukua, halina ubaya, mimi lilinilisha. Ila mtu wako akikuita, itika kwanza, uogope baadaye. Akiomba na huna, mwambie huna, lakini umwambie huku umemshika mkono. Usimwache aondoke akidhani hukuwepo.

Kesho asubuhi tunarudi pale, duka kwa duka, mimi na magoti yangu haya. Na atakayeita ni wewe, kwa jina lako la nyumbani, kwa sauti.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe moyo wa kuitika. Na yule mama amcheleweshe kidogo, mpaka tufike.