Risiti Zilizofungia Dawa

Nimelelewa nikijua kwamba karatasi ya kitu kilichokwisha kulipiwa ni ya kuchanwa. Marehemu baba alikuwa akikopa dukani, na siku ya kulipa alisimama palepale kaunta mpaka mwenye duka achane kile kikaratasi mbele ya macho yake, ndipo aage. Karatasi ikibaki nzima, kesho mtu ataiokota aje kudai upya. Kwa hiyo anayetaka kuniita mjinga na aniite, simkatazi, ila ajue kwamba ujinga wangu nilifundishwa nyumbani, tena na mtu mwangalifu.

Mume wangu alikuwa daktari. Aliacha kazi serikalini akafungua zahanati Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa, katika vyumba viwili vya mbele vya nyumba ya kupanga. Chumba kimoja alipimia wagonjwa, kingine kilikuwa cha dawa na sindano, na sisi tulilala chumba cha nyuma. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa. Mtu mwenye biashara yake, hata kama biashara yenyewe ni kupasua majipu, aliangaliwa kwa jicho la pembeni. Watoto waliotoka shule walipita mlangoni petu wakiimba habari za kupe na mirija, na wakitufikia walipandisha sauti. Mume wangu alicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, maana ndimi niliyempikia huyo kupe mchicha siku nne kwa wiki.

Kazi yangu ilikuwa kuchemsha sindano, kuhesabu vidonge na kuandika daftari. Vidonge vilikuja kwenye makopo makubwa, na kila mgonjwa ilibidi afungiwe vyake kwenye karatasi. Mwanzoni nilitumia magazeti, lakini wino ulihamia kwenye dawa. Mama mmoja alinirudishia klorokwini za mwanawe akasema hawezi kumlisha mtoto maandishi. Nikatumia madaftari ya shule, yakaadimika. Hapo ndipo nilipoliangalia lile boksi la pamba chini ya meza, ambamo mume wangu alikuwa akitupia risiti za kila kitu tulichonunua.

Zilikuwa karatasi nzuri, safi upande wa nyuma, na ukubwa wake kama zilikatwa kwa kazi hiyo. Hesabu zake nilikwisha kuziandika daftarini. Mali ilikwisha kulipiwa. Kwa akili yangu risiti ile ilikuwa imekufa, na nilichokuwa nafanya ni kuipa kazi baada ya kufa. Nilizikunja vizuri sana, pembe kwa pembe, na juu yake nikaandika kwa wino wa buluu: kimoja, kutwa mara tatu. Nilijisifu hata. Kwa karibu miaka miwili zahanati yetu haikununua karatasi.

Ofisa wa kodi ya mapato alikuja asubuhi moja, kijana mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi ikanyooka. Alinipa shikamoo kabla hajakaa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini hakunipa nafasi.

"Mama, watu wanatuogopa bure," alisema. "Hatutozi kila kinachoingia. Tunatoza faida. Kila mlichotumia ili hicho kipato kipatikane, tunakiondoa kwanza."

Akaanza kuondoa, na mimi nikavuta kiti. Kodi ya vyumba viwili vya mbele iliondolewa, ya chumba cha nyuma haikuondolewa kwa sababu hapo tulilala. Koti jeupe la mume wangu liliondolewa, maana hakuna mtu anayekwenda nalo harusini. Viatu vilikataliwa. Petroli ya pikipiki ya kwenda kwa wagonjwa ilikubaliwa, ya kwenda kanisani hapana. Alipofika kwenye mafuta ya taa alinyanyua kalamu.

"Haya mafuta yamechemsha sindano au maharage?"

"Jiko ni hilohilo, mwanangu. Sindano zikitoka, maharage yanaingia."

Alicheka mpaka akafuta macho, akaandika nusu. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa friji, ile ya kutumia mafuta ya taa, tuliyoinunua mjini kwa akiba yetu yote ili chanjo zisiharibike. Friji peke yake ilitosha kuishusha kodi yetu tukaweza kuilipa. Nilijisikia vizuri siku ile. Tangu tufungue zahanati hakuna mtu wa serikali aliyewahi kukaa nasi akahesabu tulichotoa, wote walihesabu tulichopata.

Kisha akasema, "Haya, sasa nionyesheni risiti."

Mume wangu akajibu kwa fahari, Mungu amrehemu: "Mke wangu hapotezi hata pini. Mwulize yeye."

Nilikwenda kwenye boksi. Ndani mlikuwa na risiti saba. Nilisema nyingine nimezihifadhi mahali, nahitaji muda wa kuzipanga. Kijana akatupa wiki mbili. Akaniambia kwa upole kwamba bila karatasi hana njia, itabidi ahesabu kana kwamba hatukutumia hata senti, na vyote vilivyoingia viwe faida. Alipoondoka mume wangu alipiga hesabu ya haraka nyuma ya kadi ya mgonjwa. Kama ingekuwa hivyo, alisema, tungeuza hadubini na pikipiki na bado isingetosha, tungefunga mlango. Aliisema kwa mzaha, kwa sababu aliamini haitakuwa hivyo.

Sikumwambia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi, mke wa daktari, nilikuwa nikiwaambia wagonjwa maneno hayo kila siku.

Kesho yake nilikwenda mjini. Duka la jumla la dawa walinipa nakala za miezi michache, wakachoka nami. Aliyetuuzia friji alikuwa amekwisha kufunga duka na kuhama nchi. Basi nikachukua kikapu nikaanza kupita nyumba kwa nyumba, Mtoni yote, nikiomba wagonjwa wetu wanirudishie karatasi za dawa.

Mchonga vinyago mmoja alikuwa amesokotea tumbaku, akanipa nusu iliyobaki. Kwa muuza chumvi nilizikuta nne, anafungia wateja. Nyingine ilikuwa imeziba tundu la dirisha. Kila nyumba waliniuliza, "Kwani vipi, mama daktari?" na kila nyumba nikajibu, "Basi tu, tunahesabu." Niliona aibu. Ningesema nini? Kwamba nimetafuta riziki ya nyumba yangu kwa mikono miwili, nikaifunga kwenye vikaratasi na kuigawa mtaani? Nilikusanya kumi na moja kwa siku tano. Ya friji haikuwamo.

Ya friji niliikumbuka. Ilikuwa karatasi nene, yenye muhuri mkubwa wa duka. Siku niliyoitumia, mwaka uliotangulia, mvua ilikuwa inamwagika, na dada mmoja wa kutoka kusini alikuja na mtoto wake wa kiume, wa miaka minne hivi, anawaka homa. Mume wangu alimchoma sindano, akataka awahishwe hospitali kubwa. Yule dada akasema ngoja kwanza wamtafute baba yake. Nikamfungia vidonge, nikachagua karatasi nene makusudi, isilowe njiani. Nilipajua alipokaa, ng'ambo ya kijito, nyumba ya makuti yenye mpapai mbele.

Nilipiga hodi kwa sauti ya furaha. Ninaikumbuka sauti yangu ile mpaka leo.

Alikuwa anachambua mchele. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akanisikiliza. Nilipomaliza akaniuliza nimekuja kwa ajili ya karatasi tu au na vidonge vyake.

"Vidonge si alimaliza?" nikauliza.

"Alikunywa viwili. Asubuhi yake tukamzika."

Hatukujua. Wao walimzika wakati sisi tunafungua mlango wa zahanati, na mume wangu alidhani walimpeleka hospitali. Nilisema pole, nikasema tena pole. Yeye aliinuka akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na shanga za kiunoni za uchanga wa mwanawe, kijishati, na karatasi yangu, imekunjwa pembe kwa pembe.

"Kwa hiyo mnajua," alisema.

"Tunajua nini, dada?"

"Kwamba dawa ile ilikuwa mbaya. Nimesikia umepita kwa mchonga vinyago, umepita kwa yule wa chumvi. Mnazikusanya. Mie nilishajua, ila nilikuwa sina wa kumwambia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ukweli ulikuwa mdomoni, na nilipoutazama nikaona siwezi kuutoa: dada, sina habari na dawa ya mwanao, nataka risiti ya friji yetu ili tupunguziwe kodi. Mtu anaanzaje kumwambia mfiwa maneno hayo? Yule dada akaikunjua karatasi taratibu, vidonge akavimimina kwenye kiganja chake akavirudisha koponi, karatasi akanipa. Nami nikaipokea. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia kama muhuri unasomeka.

Ulisomeka.

Wiki ile wagonjwa wakapungua. Kwanza nilidhani ni kwa sababu ya mvua. Baadaye benchi la nje likabaki tupu kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na wanawake niliowafungia dawa kwa mikono yangu wakawa wanavuka barabara wakiniona. Mjumbe wa nyumba kumi akaja, akakataa chai.

"Daktari, sie tunakuheshimu," alisema. "Lakini watu wanasema mlitoa dawa mbovu na sasa mnazisaka kimyakimya. Na mtoto amekufa. Nyie mnasemaje?"

Mume wangu alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua. Akajibu kwamba hakuna dawa mbovu iliyotoka kwake. Hakunigeukia hata kuniuliza, na kule kuniamini kuliniumiza kuliko kama angenipiga.

Ofisa alirudi siku aliyoahidi. Nilimwekea mezani nakala za mjini, zile saba, na zile za mtaani nilizozipitishia pasi. Alizipanga moja moja. Ya friji aliinyanyua kwenye mwanga, akaikubali. Akatuondolea sehemu kubwa ya tulichokuwa tumeandika, na kodi iliyobaki ilikuwa ndogo, tukaimudu bila kuuza hata mkasi. "Hongera mama, wengi hawatunzi," aliniambia, akanipa mkono. Benchi pale nje lilikuwa tupu.

Mume wangu hakumsindikiza. Alikuwa ameishika risiti ya friji na anafuatisha mikunjo yake kwa kidole, pembe kwa pembe. Akaigeuza. Nyuma, kwa wino wangu wa buluu: kimoja, kutwa mara tatu.

"Hii ilitoka kwa nani?" akauliza.

Nikamwambia yote, nimesimama, kama mtoto wa shule. Natamani angenitukana. Ningekuwa na kitu cha kujibu. Alivaa koti lake jeupe akasema, "Twende. Mama wa watu anaishi na uongo wetu."

Wagonjwa hawakurudi, na zahanati tulikuja kuifunga kabla ya kiangazi kuisha, mume wangu akarudi serikalini, tukahamishwa bara. Niliona wakati ule kwamba hakuna baya zaidi ya kushusha kibao cha zahanati mlangoni. Lakini kibao kilinitoka moyoni zamani. Kisichonitoka ni mchana ule ng'ambo ya kijito.

Mume wangu alisimama mlangoni kwa yule dada, hakukubali kukaa. Alimweleza kila kitu bila kujipamba: risiti, kodi, mkewe na karatasi zake. Akamwambia dawa ile ilikuwa nzima, kopo lilelile lilitibu watu wengine, na kama anataka, yeye daktari atavimeza hivyo vidonge vilivyobaki mbele yake, sasa hivi. Nilimwona mume wangu anainuka mabega kadiri alivyosema. Alidhani anamtua mzigo. Na mimi nilidhani hivyo.

Yule dada alisikiliza mpaka mwisho, ungo umemlalia mapajani.

"Kwa hiyo dawa haikuwa na kosa," alisema.

"Haikuwa na kosa, dada yangu."

"Alikuwa na degedege. Nilimpeleka kwa mganga kwanza, siku tatu, ndo nikaja kwako. Na uliponiambia hospitali nikasema nimngoje baba yake." Alimwangalia mume wangu usoni. "Ningemleta siku ya kwanza, angepona?"

Mume wangu hakuwahi kumdanganya mgonjwa, na hakujua kuanza siku ile. Alitazama chini.

"Mwaka mzima nimewalaumu nyie," yule dada alisema. "Usiku nilikuwa nalala." Akaanza tena kuchambua mchele, akitoa chuya moja moja na kuzitupa uani. "Mngeniachia tu ile dawa mbaya."

Tulipoaga aliitikia vizuri, kwa adabu, akatuambia tuangalie kizingiti, kimeoza.