Kitabu cha Mabingwa wa Mwandiko

Kwa miaka mitatu nilikuwa mlinzi wa jengo la fleti huko Al Barsha, Uarabuni, nyuma ya mall moja kubwa. Zamu yangu ilianza saa nane mchana, nikimpokea Mganda mmoja aliyenizidi umri kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliniita nyabo, kama wanavyomwita mwanamke kwao kwa heshima, nami nikamwita ssebo, yaani bwana. Mimi ni Mkenya wa Machakos, na miezi ya mwanzo hatukuwa na mengi ya kuzungumza zaidi ya funguo na lifti iliyokwama.

Kilichotukutanisha ni daftari la wageni. Kila aliyeingia aliandikwa jina, namba ya fleti na saa. Sisi wengine tulikwaruza tu mradi isomeke. Kurasa za ssebo zilikuwa kitu kingine kabisa. Fundi aliyekuja kusafisha AC alikuwa ameandikwa kana kwamba amealikwa ikulu. Mstari wa kushuka mnene, wa kupanda mwembamba kama unywele, na herufi zote zimeinama upande mmoja.

"Ssebo, nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Waingereza," akasema. "Lakini wote wamekufa zamani sana."

Akatoa kwenye mkoba wake kitabu kikubwa alichokifunga kwa foronya. Mama mmoja Mwingereza aliyekuwa anahama alikiacha kando ya pipa la taka. Ssebo alipanda nacho hadi mlangoni kwake, akidhani kimetupwa kwa bahati mbaya, na madam akamwambia akichukue. Ndani mlikuwa na picha za kurasa za walimu wa mwandiko wa London, watu wa miaka mia tatu iliyopita. Waliandika kwa unyoya wa bata bukini, kisha fundi mwingine akachonga maandishi yao kwenye bamba la shaba ili yachapwe. Ssebo alikuwa ameziiga kurasa hizo kwa miaka minne, peke yake, akikaa kitandani kwenye kambi ya wafanyakazi, kwa kalamu ya kuchovya aliyoinunua sokoni Deira.

Nikaanza kufika kazini nusu saa mapema. Tuliketi kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, yeye akishika karatasi na mimi nikijaribu. Alikuwa na maoni makali juu ya wale mabingwa, kama mtu anayewafahamu. Mmoja alikuwa amezungusha kalamu bila kuiinua mpaka mstari ukawa ndege, na ndege akawa herufi.

"Huyu anajionyesha," akasema, ingawa alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akafunua ukurasa usio na pambo lolote. "Huyu sasa anataka usome. Ona alivyoacha nafasi. Hana haraka na wewe."

Niliupenda ukurasa huo kuliko yote. Niliuiga kwa miezi, herufi moja kwa wiki nzima, nikitoa pumzi kila kalamu iliposhuka kama alivyonielekeza.

Siku moja nilimweleza jambo lililokuwa likinisumbua. Kwenye sanduku la bibi yangu mlikuwa na kipande cha babu, ile karatasi ambayo Mwafrika alilazimishwa kutembea nayo shingoni, ndani ya kikasha cha chuma, wakati wa mkoloni. Karani aliyejaza jina la babu alikuwa na mkono mzuri, umeinama vilevile, mnene na mwembamba. Babu hakujua kusoma. Alivaa shingoni maneno asiyoyajua.

Ssebo aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo nikufundishe au niache?"

"Nifundishe," nikasema. Lakini siku hiyo tulifunga kitabu mapema.

Ugonjwa wake niliuona kwenye daftari kabla ya kuuona mkononi. Mistari ya kupanda ilianza kuwa na vikunjo vidogo, kama uzi uliofumuliwa. Alisema ni baridi ya AC. Baadaye nikamwona akishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili kugeuza ufunguo. Daktari alimwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hautapona, na utazidi.

Binti yake alikuwa anaolewa kwao Masaka, na ssebo alikuwa ameahidi kuandika kadi zote za mwaliko kwa mkono wake, themanini kwa jumla. Alikuwa amemaliza thelathini. Akaniwekea zilizobaki mezani pamoja na orodha ya majina.

"Nyabo, niandikie. Iga mkono wangu, usitumie wako."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea watadhani ni mimi nimechoka. Ila usimwambie mtu. Binti yangu asijue."

Niliandika kadi hamsini kwa wiki tatu. Yeye aliketi kando yangu, mikono ameibana katikati ya magoti, akitazama kila herufi. Mara chache alisema "tena," nami nikaanza kadi mpya. Ya mwisho alipoiona aliitazama sana. "Huo ni mkono wangu," akasema, akatoka nje. Nilibaki nikisikiliza akikohoa kohoa barazani ili nisijue analia.

Supavaiza aligundua hali yake mwezi huohuo. Mkataba haukuongezwa. "Khalas, basi, mzee, nenda ukapumzike," alimwambia, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Ssebo aliwahi harusi. Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo, kisha homa ya mapafu ikamchukua.

Binti yake alinipigia simu miezi miwili baada ya maziko, namba yangu ameikuta kwenye simu ya baba yake. Nilikuwa nimehamia hoteli moja ya Al Rigga, na niliipokea simu nikiwa kwenye ngazi za wafanyakazi.

"Auntie, nakusanya mwandiko wa baba," akasema. "Watu wengi walitupa kadi baada ya harusi. Nimepata tisa tu. Nataka kuzitia kwenye fremu."

Alifurahi kunisomea majina yaliyokuwa juu ya kadi hizo. Nilijua kila jina nililokuwa nimeliandika mimi. Kati ya zile tisa, za ssebo zilikuwa mbili tu.

Nilifikiria kunyamaza. Ssebo mwenyewe aliniomba ninyamaze. Lakini yule binti alisema atawaonyesha wanawe mkono wa babu yao, na nikashindwa kumwacha aning'inize mkono wangu ukutani kwa jina la baba yake. Nikamweleza yote, mkono uliokuwa ukitetemeka, zile wiki tatu, na ahadi niliyokuwa naivunja.

Nilisikia akizigeuza kadi. Kisha akauliza ni zipi mbili, nikamtajia.

"Kumbe alikuwa mgonjwa tangu wakati huo," akasema. "Na akacheza muziki harusini." Alilia, nami nikalia. Alipotulia akaniuliza, "Sasa hizi saba nizifanyeje, auntie?"

Nilimwambia afanye anavyoona. Akanishukuru kwa sauti ya upole, akasema mtoto anaamka, tukaagana. Hajanipigia tena, na mimi sijapata ujasiri wa kumpigia.