"Nakuja" ya Mkuu wa Ghala

Siku yangu ya kwanza kwenye swichibodi ya posta ya Mtwara, Msimamizi alinivisha visikizio kichwani, akanipa onyo moja tu: "Wakubwa hawakatwi, binti. Hata wakinyamaza." Nilidhani ananitania.

Niwaeleze ninyi mnaobonyeza tu. Kila simu ilishika nyaya mbili, mmoja wa mpigaji, mmoja wa mpigiwa. Mtu akirudisha mkono wa simu mahali pake, taa iliwaka, nami nikachomoa. Asipourudisha, bodi ilihesabu bado anaongea, na njia ile haikumfaa mwingine. Sasa wakubwa wetu walikuwa na ugonjwa. Anasema "Nakuja," analaza simu mezani, huyo, kunywa chai. Jamani, Kiswahili chetu! Mtu anaondoka, anasema anakuja.

Masika moja mvua zilikata njia za simu za Dar es Salaam, ikabaki moja tu nzima, na mkuu wa ghala la korosho ameikalia. Kwenye kaunta alisimama Bi Zuhura wa Mikindani. Mumewe alifariki alfajiri, maziko baada ya alasiri, na mtoto wao pekee, Yusufu, ni karani Dar. Barabara zimekatika. Akipata habari mapema atawahi ndege ya mchana.

"Bado tu, mwanangu?"

"Kuna mtu anaongea, mama."

Anaongea! Nilifungua swichi ya kusikiliza. Ghalani, feni inazunguka. Dar, aliyepigiwa anapiga miayo akimngoja. Nikamwita Msimamizi.

"Si amesema anakuja?" akanijibu.

"Anakuja kutoka wapi, mzee? Huyu mama ana msiba!"

"Mguse uone."

Nikachomoa. Yusufu akapatikana.

Mkuu alirudi akifoka. Wiki haikuisha nikahamishiwa chumba cha vifurushi, na Postamasta akanisahau humo miaka. Hasira ile sijaimaliza hadi leo.

Sasa nimestaafu, nipo Likombe. Juzi mjukuu wangu alilalamika simu yake nzito, inachemka. Nikamwambia anionyeshe. Lo! Programu chungu nzima zimeachwa wazi nyuma, hazifanyi kitu, zimekalia nafasi tu. Nikazifunga zote.

"Bibi! Nilikuwa narudi humo! Ungeniuliza kwanza!"

Nimuulize? Ningesubiri ruhusa siku ile, Yusufu asingeshuka kaburini kumpokea baba yake kwa mikono yake mwenyewe.