Nilibaki Kumlinda Chui Asiyekuwepo

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili mtu asinihurumie kabla hajajua nilichofanya.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kijana wa Masasi niliyekulia Ilala, nikifanya kazi kwenye intaneti kafe moja pale Mchafukoge. Mwenye kafe alikuwa Mhindi, nitamwita Mzee Pravin. Zamani aliuza vitambaa kwenye duka hilo hilo. Mitumba ilipofurika mjini vitambaa vikamdodea, akafunga biashara ya majora, akaleta kompyuta zilizotumika kutoka Dubai. Familia iliishi juu ya kafe, ghorofa ya pili: yeye, mkewe, na mtoto wao wa pekee, Nilesh.

Nilesh alikuwa rika langu na rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Ndivyo tulivyokuwa tunasema.

Tulikuwa tunacheza mchezo mmoja wa kwenye intaneti, wa mapanga na mazimwi, unaochezwa na watu wa nchi nyingi kwa wakati mmoja. Kila mchezaji anachagua atakuwa nani. Nilesh alichagua kuwa mganga, anawatibu wenzake vitani. Mimi nilichagua kuwa mwindaji.

Mwindaji ana upinde, na ana mnyama aliyemfuga. Yeye anasimama mbali. Anamtuma mnyama mbele akapigwe, kisha anarusha mishale kutoka nyuma huku ngozi yake nzima. Mambo yakiharibika, kuna kitufe. Ukikibonyeza unaanguka chini kama maiti, adui anakuacha, anamgeukia mwenzako. Mnyama wako akifa si neno, unamfufua.

Nadhani mnaona jinsi kazi hiyo ilivyonifaa.

Mnyama wangu alikuwa chui. Nilimvizia wiki tatu mpaka nikampata, nikamlisha mpaka akanizoea. Nikampa jina la Shangazi, kwa sababu shangazi yangu wa kweli naye haguswi. Nilesh alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kibodi.

Sasa nije kwenye taa.

Mama yake Nilesh alikuwa na pumu. Kwa kuwa kafe ilikuwa na makelele na sisi tulikuwa tunavaa hedifoni, Mzee Pravin alivuta waya kutoka chumbani kwa mkewe hadi kwenye kaunta yetu, akafunga taa nyekundu. Mama akibanwa anabonyeza swichi, taa inawaka, aliyepo chini anapanda mbio. Unamwashia mashine ya dawa, na akizidiwa unaita teksi. Nilishapanda mara nyingi. Akipata nafuu alikuwa ananipa kachori na kunitania, "Kula mwanangu, umekonda kama huo waya."

Alhamisi mchana tulikuwa tunashusha shata, tunafunga kwa chakula. Mzee alikuwa anakwenda bandarini kwa wakala wake wa mizigo. Mama alibaki juu peke yake, na saa hizo zilikuwa zamu ya Nilesh kukaa chini.

Alhamisi hiyo Nilesh alinivuta pembeni.

"Mwanangu, nishikie zamu. Mimi na Rehema tunavuka Kigamboni mara moja, tunarudi."

Rehema ni mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa anauza viatu vya mitumba Mchikichini. Yeye na Nilesh walikuwa wanapendana kwa siri, na mimi peke yangu ndiye niliyejua. Mzee Pravin angejua, yangekwisha siku hiyo hiyo.

"Poa, nenda," nikamwambia. "Mimi nipo."

Wakaenda Magogoni kupanda pantoni. Mimi nikaingia kwenye mchezo. Kundi letu la mchezoni lilikuwa limepanga kumshambulia zimwi mmoja ambaye tulishashindwa naye mara nyingi, na mchana huo, kwa bahati, mtandao ulikuwa haukatiki.

Taa ikawaka.

Nimejaribu miaka yote kujiambia kwamba sikuiona. Niliiona. Iliwaka juu ya skrini yangu, mbele ya macho yangu. Chui wangu alikuwa mbele anang'atwa, na nilijua nikiinuka kwenye kiti atakufa. Nikasema kwa sauti, peke yangu kafe nzima, "Nakuja mama, sasa hivi."

Taa ikazimika. Ikawaka tena. Nikasema tena, sasa hivi.

Baadaye ikazimika moja kwa moja, nami nikafurahi. Nikadhani amepata nafuu.

Tulimshinda yule zimwi. Mwishoni chui alikufa, nami nikabonyeza kile kitufe changu nikalala kama maiti mpaka wenzangu wakamaliza kazi. Ndipo nikapanda ngazi.

Mama alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea kitanda, swichi bado iko mkononi. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Alikuwa mwepesi. Hospitali daktari alimtazama, akanitazama mimi, akasema tumechelewa sana.

Mzee Pravin alikuja anakimbia, shati limeloa jasho. Akaniuliza kilichotokea. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kuwa mtu.

"Nilitoka kwenda kula, mzee," nikasema. "Niliporudi nikakuta kafe haina mtu, taa inawaka. Nikapanda."

Akanikumbatia. Jamani, alinikumbatia! Alilia begani kwangu, akasema Mungu alinituma mimi kwa sababu mwanawe ameshindwa.

Nilesh alifika jua linazama, mchanga wa ufukweni bado uko kwenye viatu. Baba yake akamuuliza mbele yangu.

"Ilikuwa zamu yako. Ulikuwa wapi?"

Nilesh akanitazama. Nikatazama sakafu.

"Nilitoka, baba."

"Kwenda wapi?"

Angesema "nilimwachia huyu", angeulizwa alikwenda wapi na nani, na Rehema angeingia katikati. Alisimama akapigwa maneno kwa Kigujarati mpaka wauguzi wakaja kutuliza. Mimi nilisimama nyuma, mbali kidogo.

Kwa imani yao ya Kihindu, mama akifa anayewasha moto ni mtoto wa kiume. Nilesh alinyoa kichwa, akavaa nyeupe, akaja tayari. Baba yake akamzuia mbele ya watu wote. Akamwita mtoto wa kaka yake aliyetoka Tanga, akampa yeye moto. Nilesh akarudi nyuma akasimama karibu yangu, kichwa cheupe kama yai, mikono haijui iende wapi. Bega lake liligusana na langu. Sentensi moja tu ingetosha. Nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza.

Jioni nilirudi kafe kufunga mitambo. Kompyuta yangu ilikuwa bado inawaka tangu ile Alhamisi, hakuna aliyekumbuka kuizima. Niliingia kwenye mchezo bila kufikiri, nikamkuta chui amelala alipofia. Vidole vyangu vikamfufua. Akasimama, akaja akakaa miguuni pangu kama kawaida yake. Nikazima umeme ukutani, na sikuugusa tena mchezo huo. Hilo nalo halinisaidii kitu.

Nilesh alihama wiki hiyo hiyo, akaenda kwa ndugu Mwanza. Baba yake hakutaka kusikia jina lake. Rehema alimngoja. Hakupigiwa simu, hakuandikiwa. Mpaka leo anaamini aliachwa kwa sababu ni Mmakua muuza viatu. "Wahindi ndivyo walivyo," huwa anasema, nami huwa nakaa kimya. Hajaolewa.

Mimi nilipandishwa cheo. Mzee alinipa funguo, akanifundisha kazi, akaniita mwanangu kwa miaka yote iliyofuata.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliniita kitandani, akanishika mkono.

"Wewe ulikuwa rafiki yake," akaniambia. "Niambie kabla sijaondoka. Siku ile alikuwa wapi?"

Alitaka sababu ya kumsamehe mwanawe. Nililielewa hilo wakati ule ule, si baadaye. Na ningeweza kumweleza kwamba Nilesh aliacha mtu pale kaunta, na mtu huyo ni mimi.

"Sijui, mzee," nikasema.

Akaachia mkono wangu. Alifariki siku ya pili yake.

Nilesh alikuja kuwasha moto wa baba yake. Safari hii hakuna wa kumzuia. Watu walipotawanyika nilimfuata hadi kwenye gari, nikamwambia yote, taa, chui, mpaka lile swali la kitandani.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo nayajua tangu wiki ile," akasema. "Niliingia kuwaaga wale jamaa wa kundi letu. Wakaniambia, mpe hongera rafiki yako mwindaji, Alhamisi alikaa mpaka mwisho. Siku na saa waliniandikia."

"Sasa kwa nini hukumwambia mzee?"

"Angeniamini? Ningesema mimi, ingekuwa namsingizia mtu ili nijitoe. Ilibidi useme wewe. Nilikuwa nakungoja." Akafungua mlango wa gari. "Nimekungoja mpaka leo asubuhi. Sasa huna wa kumwambia."

Hakunitukana. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Aliondoka, na namba yake sina.

Ninyi mnaosoma, sikatazi mtu kucheza. Mchezo haukunifanya mwoga, ulinionyesha tu nilivyo, na mimi nikaupenda kwa hilo. Ninachowaambia ni kwamba kama kuna mtu anapigwa kwa kosa lako, sema leo, kabla anayepaswa kusikia hajafa. Ukishachelewa utabaki na watu kama ninyi, wasomaji, ambao hamnijui na hamwezi kumrudishia mtu chochote.

Nimebakiwa na mmoja tu wa kumwambia, kwamba aliachwa kwa ajili yangu, naye yuko chumba cha pili. Rehema amegonga mlango sasa hivi, chakula tayari, ananiuliza tangu asubuhi naandika nini.

Nimemjibu, "Si kitu, dada. Nakuja sasa hivi."