Bi Tumu na Homa ya Papasi

Mtaa wa Kuze haukukosa wanawake wasafi, lakini Bi Tumu alikuwa msafi wa kuudhi. Alifagia alfajiri, akafagia adhuhuri, na mgeni akishatoka alifagia hata nyayo zake. Alishona kofia za viua, zile za nakshi ya vitundu, na kofia ambayo haijakwisha aliifunika kwa leso isipate vumbi. Siku moja, katika maulidi nyumbani kwake, jirani yake Bi Nana alijikuna mguu akauliza kwa mzaha, "Tumu, humu hamna kunguni?" Basi, urafiki wao ukaishia hapo. Bi Tumu hakukanyaga tena kwa Bi Nana, ingawa milango yao ilitazamana.

Fahari yake ilikuwa nyumba. Mbele ilikuwa ya mawe na chokaa, na mlango wa nakshi. Uani kulikuwa na chumba kimoja cha fito na udongo, alichokijenga marehemu mumewe, Athmani, kuwapangisha vibarua wa maghala ya Shimanzi. Wapangaji walikuja na mikeka na mizigo yao, wakaondoka, chumba kikabaki. Bi Tumu hakukitaja mbele za watu, lakini alilala humo kwa sababu kilikuwa na ubaridi.

Mwaka uliofuata uhuru, mjukuu wake Mejumaa, mtoto wa miaka sita, alishikwa na homa. Mwanakuu, binti yake na mama wa mtoto, alitaka amlaze chumba cha mbele. Bi Tumu akakataa katakata. Mtoto mgonjwa hulala na bibi yake, na bibi alilala uani.

Homa ilikuwa kali, kichwa na viungo vikimuuma, kisha ikakatika ghafla kwa jasho jingi. Mwalimu wa chuoni aliyemwandikia kombe, aya za kuoshwa na kunywewa, alisema ni kombe. Mwenye duka aliyewauzia kwinini alisema ni kwinini. Bi Tumu, aliyemwogesha kwa majani ya mwarobaini, alinyamaza kwa adabu, akijua moyoni kwamba ni mwarobaini. Homa ikiondoka yenyewe, kila aliyesimama njiani hudai ndiye aliyeifukuza. Wiki moja baadaye ikarudi, na wadai wote wakaingia mitini.

Safari hii walikwenda hospitali, lakini walingoja kwanza homa ipoe ili mtoto apate nguvu za kutembea. Daktari Kamaludin, kijana mpole, alimbonyeza Mejumaa bandama, kisha akauliza, "Mtoto huyu yuwalala wapi? Chini ni simiti au ni udongo?"

Mwanakuu alifungua kinywa. Bi Tumu akamtangulia. "Kwetu ni chokaa, daktari, juu hata chini. Uliza mji mzima!"

Mwanakuu akainamisha uso, maana mama mzazi hakanushwi mbele ya watu. Damu ilipopimwa haikuonyesha kitu. Daktari akawapa vidonge vya malaria, akawausia: "Homa ikirudi, mleteni angali moto. Ikishapoa, vidudu vya homa nyingine havionekani."

Ikarudi. Mejumaa alikonda hata bangili zikawa zamtoka mkononi, na mchana ule akamtazama bibi yake asimjue. Bi Tumu aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuipata hata siku aliyofiwa na mumewe. Alimbeba mwenyewe mpaka hospitali, viatu amevisahau nyumbani.

Damu ikapimwa mtoto akiwaka moto. Daktari akamwita Bi Tumu achungulie kwenye hadubini. Aliona vidudu vyembamba vimejipindapinda, kama uzi uliofumuliwa kwenye kofia.

"Hii si malaria, bibi. Ni homa ya papasi," daktari alisema. "Papasi hukaa kwenye sakafu na kuta za udongo, akatoka kuuma watu wamelala. Sindano itamponya. Ya kwanza itamtetemesha na homa itapanda, msiogope, sisi tutakuwa naye. Lakini akirudi kulala penye papasi ataumwa tena, na mwili huu hautastahimili." Kisha, kwa kumstahi, akaongeza, "Pengine alikwenda kulala kwa jamaa zenu shamba?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari ulimini. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la wagonjwa ameketi Bi Nana, akingoja dawa ya mguu, masikio ameyatega. "Ndiyo" ingemhifadhia Bi Tumu nyumba yake na jina lake. Na mtoto akitoka hospitali angerudishwa uani.

"Hakwenda popote," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. "Ni kwangu. Nna chumba cha udongo uani, na mimi ndimi nlomlaza humo. Nalikudanganya, daktari."

Daktari hakumkemea. Bi Tumu akauliza mbona yeye haugui, akajibiwa kwamba aliyeumwa miaka mingi mwili humzoea papasi, mtoto bado. Hapo akalia waziwazi.

Mejumaa alitetemeka kama walivyoambiwa, kisha akalala, akapona. Kabla hajatoka hospitali, Bi Tumu alikuwa ameshaita mafundi. Walibomoa chumba mchana kweupe, na udongo wote ukapitishwa mlango wa nakshi kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Katika nyufa walikuwamo papasi wa kijivu, wakubwa kama choroko. Watu wa manispaa wakapuliza dawa, na sakafu ikamwagwa simiti. Bi Nana alisimama mlangoni pake akasema, "Kumbe si kunguni, ni papasi!" Kufika magharibi, mtaa mzima ulikuwa ukimwita Bi Papasi.

Jina lilimuuma sana. Kwa muda mrefu hata sokoni Marikiti hakwenda, akamtuma Mwanakuu.

Kaskazi iliyofuata, mtu alibisha hodi kwa sauti ya chini. Alikuwa Bi Nana, buibui limeacha macho tu, na mjukuu wake begani akihema kwa homa.

"Ilimwacha, sasa imerudi," alisema. "Watu wamenambia nimwone Bi... Bi..." Akakwama.

"Sema tu, mwenzangu. Bi Papasi ndimi."

Bi Tumu aliweka kofia chini, akamgusa mtoto paji la uso, akatwaa buibui lake msumarini. "Angali moto, twende sasa hivi kabla hajapoa. Na njiani unambie kweli, Nana. Mtoto huyu yuwalala wapi?"