Wakwe Walikomba Sinia, Sasa Wanadai Niseme Niliwalisha Makombo

Admin, jina langu libaki kwako. Kibiti ni ndogo, watu wanajuana hadi kwa kikohozi.

Mimi ni mama wa miaka 47, niliachika zamani, nina binti mmoja, tumwite Zai. Nimemlea kwa karai. Wachina walipojenga barabara nilisaidia jikoni kwao nikajifunza chakula chao cha nyumbani: kata kila kitu kwanza, moto mkali, saumu, tangawizi, dakika kumi umepakua. Kambi ilipofungwa nikaanza kuuza mwenyewe jioni, kando ya barabara. Nyama yangu halali, msianze! Nyumba ninayokaa imetoka humo, na ada za Zai zimetoka humo.

Mwezi uliopita wakaja watu wa Mohoro kuleta posa. Tuliambiwa wanne, baada ya Alasiri. Wakaja tisa, na Adhuhuri ndiyo kwanza imeswaliwa. Nyama ya pilau bado inaoshwa. Pilau ya watu tisa kwa jiko moja la mkaa haipungui saa mbili, na wageni wana njaa ya njiani. Kwenye friji nilikuwa na wali wa biashara, nimeupika jana yake. Nikabandika karai: mayai, karoti, hoho, kamba wabichi wa delta, mchuzi wa soya, geuza, geuza. Pembeni kuku wa tangawizi. Nusu saa haikufika, masinia yako mkekani.

Walikula hao! Mshenga wao, mzee mcheshi, alikwangua sinia kwa kidole akasema, "Mama Zai, kijana wetu akinenepa tutakudai wewe." Tukacheka. Posa ikapokelewa, tukaanza kutaja mwezi wa ndoa.

Ndipo mama wa kijana akaniuliza, kwa uzuri kabisa, "Dada, mbona wali wako umechambuka hivi? Mimi nikikaanga unakuwa bokoboko." Nami nimeshavimba kwa sifa, nikamjibu, "Shurti uwe wa jana. Wa leo bado una maji, unagandana."

Akashtuka: "Wa jana? Umetulisha kiporo? Sisi, siku ya posa?"

Nikaeleza kwamba hata Wachina wenyewe ndivyo wanavyoukaanga. Mshenga yule yule, midomo bado inang'aa mafuta, akadakia: "Babu zetu walikufa Maji Maji kwa kukataa kudharauliwa na wageni. Leo tunadharauliwa kwa kiporo cha Mchina!"

Jamani, nilikuwa nimechoka na mkono umeungua. Likanitoka: "Mzee wangu, hao babu zako na njaa ile ya porini, wangekipata hiki wangeniombea dua."

Mdogo wangu akapasuka kicheko. Wakainuka wote tisa, chai hawakuigusa.

Sasa wametuma neno. Ndoa ipo, ila Ijumaa wanarudi, nipike wali wa siku hiyo hiyo, na nitamke mbele ya wazee kwamba niliwalisha makombo na nikawatukania wafu wao. La wafu nimeshaomba radhi kwa simu, na nitaomba tena kwa magoti. Nilikosa adabu, basi. Lakini makombo? Makombo ni masazo ya sahani ya mtu. Wali wangu ulitoka sufuriani ukaingia friji, haukuguswa na mkono wa mtu. Nikikubali neno hilo, siku Zai akikosana na mkwewe ataambiwa, "Kwenu mmekua kwa makombo."

Zai mwenyewe analia: "Mama, tamka tu. Wewe utalisema mara moja likaisha; usipolisema, mimi nitaachwa kabla sijaolewa."

Situlii. Nawasha jiko, nazima, nawasha. Wateja wananiambia chumvi imezidi, nami sikumbuki kama nilitia.

Na juzi kijana mwenyewe, huyo mkwe mtarajiwa, kaja kwenye meza yangu jioni. Kaagiza wali ule ule, kala sahani mbili wima wima. Nikamwambia, "Baba, si ungewaambia wazee wako?" Akafuta mdomo. "Mama, mimi nitasema nini mbele ya wakubwa? Halafu tafadhali, usimwambie mama kama nimekula."

Hapo ndipo moyo ulipozidi kuvurugika. Nilikuwa napima neno moja, sasa nampima na mwanamume. Mwanangu anampenda. Ijumaa ni keshokutwa. Nishaurini jamani, nilitamke neno hilo, au niwarudishie posa yao?